Naomba ushauri: deki mbili za kumfundishia mpwa wangu Magic

Salaam aleikum jamaa. Mpwa wangu anakuja kukaa nasi Likoni likizo ya Agosti, na ameshaniganda nimfundishe Magic: The Gathering, ule mchezo wa karata za viumbe na uchawi ambao kila mchezaji ana deki yake, yaani fungu lake la karata. Karata za kawaida anazicheza vizuri, kwa hivyo kungoja zamu na kuficha mkono si shida. Shida ni deki gani nimwekee mezani.

Karata zenyewe zina rangi, kila rangi na mtindo wake wa kucheza. Nafikiria deki za rangi moja moja, yeye kijani, mimi nyekundu. Kijani ni viumbe wakubwa wanaosonga mbele kupigana, na ule uhai wa 20 ambao kila mchezaji huanza nao auona ukipungua. Buluu siitaki kabisa kwa sasa. Mtoto atoa karata yake ya kwanza ya maana, nawe waifuta kabla haijatua? Atarudi kwa simu yake. Uwezo wa ziada wa viumbe nitauacha mmoja au miwili, kama kuruka, basi.

Ninapokwama ni idadi. Deki ya kawaida ni karata 60, kati yake ardhi (karata zinazotoa nguvu ya kulipia zile nyingine) kama 24. Lakini naona 40 zenye ardhi 17 zingemfaa zaidi: atakutana na karata zile zile mpaka azizoee. Mliofundisha watoto mwaonaje?

Na mechi za kwanza, tucheze mikono ikiwa wazi mezani au hilo litamwondolea utamu?

Kuagiza mpya ng'ambo sina mpango, gharama yake hapana. Nazipanga kutoka kwa nilizo nazo, na humo nyeusi ndizo nyingi. Je, nyeusi yafaa badala ya nyekundu?