Mabalozi "wana wasiwasi mkubwa" tena: kauli hizi humsaidia nani?

Zumari: Hapa Kenya mtu anatekwa, anabebwa na gari lisilo na namba, siku ya tatu mabalozi wa Magharibi wanatoa taarifa ya pamoja: "tuna wasiwasi mkubwa". Wasiwasi huo umewahi kumrudisha nani kwao? Na Kenya yenyewe tangu Januari 2025 inakalia kiti katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Nijibuni bila matusi.

Mzalendo_Sugu: Matusi hayapo, ila Wazungu waanze kufagia kwao. Marekani ilijitoa kwenye hilo Baraza 2018, ikarudi, ikajitoa tena 2025. Halafu nyinyi mnawakimbilia na mabango hadi ofisi za Umoja wa Mataifa kule Gigiri, Nairobi!

Bi_Faili: Gigiri, kaka yangu, ni makao makuu ya UNEP na UN-Habitat. Mazingira na makazi. Baraza lina viti 47 na liko Geneva. Ukipeleka bango lako Gigiri, umewapelekea watu wa kupambana na taka za plastiki.

Mzalendo_Sugu: Sikuomba ramani, dada. Gigiri, Geneva, posho ni ile ile.

Karani_Mzee: Tuiache Gigiri. Kauli ya balozi hufaa ikikuta faili imeshaandaliwa. Taarifa ikisema "vyombo vya usalama" haimuumi mtu. Sheria ya Leahy ya Marekani hukata msaada kwa kitengo cha polisi au jeshi kilichokiuka haki, haikati kwa nchi nzima, kwa hiyo bila jina la kitengo, kituo, tarehe na ushahidi wa kuaminika, wasiwasi unabaki kuwa wasiwasi. Familia ianze kituo cha polisi ipate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Siku hiyo hiyo iombe picha za kamera za maduka ya jirani, maana hujifuta zenyewe. Kisha Mahakama Kuu, ombi chini ya Kifungu cha 51 cha Katiba mtu afikishwe mbele ya jaji. Kanuni za Mutunga za 2013, zile za kuendesha kesi za haki za kikatiba, zinakubali hata barua ya kawaida. Kinachoua maombi mengi ni polisi kuapa kwamba hawana mtu huyo. Hapo usipokuwa na shahidi au picha, jaji hana wa kumwamuru.

Mzalendo_Sugu: Kumbe ni mahakama zetu! Mabalozi wa nini sasa?

Njugu_Karanga: Zetu zikigoma, peleka Arusha. Si Waogiek, wale wa msitu wa Mau, waliishinda serikali pale, wakapewa kama milioni 150 na ushei?

Bi_Faili: Shilingi 157,850,000, Juni 2022. Hukumu yenyewe ilitoka Mei 2017, miaka mitano kabla ya kujua ni shilingi ngapi. Lakini usimtume mama wa watu Arusha hivi hivi. Kule kuna mahakama mbili. Ya Waogiek ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na kesi ilifikishwa na Tume ya Afrika ya haki hizo hizo. Mkenya hawezi kuingia mwenyewe kwa sababu Kenya haijatoa tamko la kumruhusu. Ya pili ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hiyo unaingia moja kwa moja, huulizwi kama umemaliza mahakama za nyumbani, ila una miezi miwili tu.

Njugu_Karanga: Miezi miwili kwa mtu aliyetoweshwa? Kosa si linaendelea mpaka apatikane? Kila kukicha ni siku ya kwanza.

Bi_Faili: Hoja hiyo IMLU, shirika la haki za binadamu la Kenya, waliitumia kwenye mahakama hiyo ya Afrika Mashariki kuhusu watu walioteswa na kutoweshwa Mlima Elgon. Kitengo cha kwanza cha mahakama kikawakubalia 2011. Machi 2012 kitengo cha rufaa kikaipindua: Mkataba wa Jumuiya hautambui kosa endelevu, muda umepita, kwaherini.

Zumari: Jamani, mabalozi…

Mzalendo_Sugu: Subiri kwanza wewe. Hata mimi nisiyependa mabango, hilo ni la ajabu. Aliyemficha mtu ndiye anayejua yuko wapi, halafu saa inamkimbiza anayetafuta?

Karani_Mzee: Ndiyo maana Arusha isiwe mlango wa pekee. Umoja wa Mataifa una kikundi kazi cha watu waliotoweshwa tangu 1980. Hakidai umalize mahakama za nyumbani, wala nchi iwe imeridhia mkataba wa kutoweshwa; Kenya iliutia saini 2007 ikaishia hapo. Wanataka jina kamili, tarehe, mahali alipoonekana mwisho, nani anashukiwa, hatua za kumtafuta, na ridhaa ya familia. Kabla ya miezi mitatu kupita, inashughulikiwa kwa dharura. Maombi hukwama pale mwanaharakati anapotuma bila familia kujua, au anapoandika "mwaka huu" bila hata mwezi.

Mzalendo_Sugu: Na hao ofisi yao iko Gigiri?

Bi_Faili: GENEVA.

Njugu_Karanga: Turudi kwa miezi miwili. Inahesabiwa tangu tukio au tangu familia ipate habari?

Bi_Faili: Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya: tangu kitendo au uamuzi unaolalamikiwa, kama hakuna wa kuhesabia, tangu siku mlalamishi alipojua. Kwa hiyo siku mliyopata habari, na aliyewapa, viingie kwenye hati ya kiapo ya kwanza kabisa, ile ya Mahakama Kuu pale Milimani, Nairobi. Mkivikumbuka mkiwa Arusha, wakili wa serikali atauliza mbona Milimani hamkusema.