Pati ya pikoboli nyumbani kwetu Kent: watu 18, uwanja hatuna, nisaidieni

MamaZuu_Kent

Wapendwa habari za jioni. Mlio huku jimbo la Washington na Marekani kwa ujumla nahitaji akili zenu. Mume wangu tangu wenzake wa kazini wamfundishe pikoboli (ule mchezo kama tenisi ndogo, mnapiga mpira wa plastiki kwa vibao juu ya neti) mwezi wa 4 hatulali, kila wikiendi yuko paki, kwenye bustani ya umma, na kile kibao chake, sasa juzi katangaza kwenye grupu la familia, bila kuniuliza mimi mpishi, kwamba Jumamosi ya pili ya mwezi wa 7 watu waje kwetu mchana tucheze uani tule tufurahi. Nikadhani watakuja sita. Wamejibu 18!! Watoto 6, wazee 4 akiwemo mama mkwe (yeye anauita mpira wa achari, eti pikoo kwa Kiingereza si ni achari), waliobaki ni vijana wa makamo wanaojiona bado wana miaka 20.

Hali halisi ni hii: nyuma tuna nyasi, kama futi 40 kwa 30, hazijanyooka kabisa kuna vibonde. Mbele ya gareji kuna saruji ya kuegesha magari mawili, nimepima kwa tepu ya kushonea nikapata upana futi 19 na urefu 40 hivi mpaka kwenye njia ya watu. Vibao tunavyo 2 tu, neti hatuna. Maswali: nyasi zinafaa au hazifai? Vibao vingapi vinatosha? Na kubwa zaidi, nifanyeje ili wanaume wanne wasikamate kiwanja kuanzia saa nane mpaka jua lizame sisi wengine tumekaa tunageuza mishkaki? Maana nawajua.

BabaWawili_Tacoma

Dada MamaZuu pole na hongera. Nyasi sahau. Ule mpira ni plastiki yenye matundu, mwepesi, hauzidi gramu 27, ukigonga nyasi unalala hapohapo kama embe bovu, na huu mchezo umejengwa juu ya kudunda: mpira wa kuanzisha lazima udunde kwa mpokeaji, na unaporudi lazima udunde tena kwa aliyeanzisha, ndo baada ya hapo mtu aruhusiwe kupiga hewani. Bila kudunda hakuna mchezo.

Nenda mbele ya gareji. Kiwanja kamili ni futi 20 kwa 44, hakitakuenea, na usijaribu kukibana mpaka ukutani maana mtu anahitaji pa kusimama nyuma ya mstari akianzisha. Mimi kwangu nilichora futi 16 kwa 30, nikaacha futi 5 kila upande wa nyuma. Jiko (ule ukanda wa pande mbili za neti ambao huruhusiwi kusimama ukapiga mpira hewani) kwenye kiwanja halisi ni futi 7, kwenye hiki kidogo weka 5. Ila USILIFUTE. Mtu atakwambia ah sisi ni familia jiko la nini, halafu lile shemeji lenu refu litasimama puani pa neti liwe linachapa kila mpira kichwani kwa mama mkwe.

Mistari chora kwa chaki ya watoto, au ile tepu ya bluu ya mafundi rangi, haiachi gundi. Neti ya kukunja ina miguu yake, urefu inchi 36 pembeni na 34 katikati.

Kitu kimoja zaidi. Saruji za huku karibu zote zina mteremko kuelekea barabarani ili maji ya mvua yatoke. Mpira ukikosewa unabingirika mpaka mtaroni na mtoto nyuma yake mbio macho kwenye mpira. Egesha gari yako kwa ubavu pale mwisho wa saruji, isizibe njia ya waenda kwa miguu, iwe ukuta. Mwaka jana sikufanya hivo, mpwa wangu alitoka hadi katikati ya barabara, dereva alishika breki hadi nikasikia harufu ya tairi. Pati iliisha pale pale, hakuna aliyekuwa na hamu tena.

shemeji_lefu

Nimesoma hapo juu nikajiona 😂 mimi ndo yule wa puani pa neti.

Ushauri wangu mfupi: kula BAADA. Na mishkaki iwe mbali na vibao. Mtu anakula kipande na mkono, anajifuta kwenye suruali anaitwa zamu yake, kile kishikio kikishapata mafuta kimekwisha, kinateleza mpaka mwisho wa siku. Mdogo wangu kibao kilimtoka kikaenda kutua kwenye bakuli la kachumbari. Weka beseni la maji ya sabuni na taulo kwenye njia ya kuingia kiwanjani kama msikitini, hupiti hujanawa.

Da_Rehema

MamaZuu mdogo wangu hilo swali lako la mwisho ndo lenye pati yako, mengine yote ni mapambo. Neti nzuri, chakula kizuri, watu wanakaa dakika arobaini kwenye kiti wanachezea simu halafu wanaanza kuaga.

Piga hesabu na mimi. Ukitoa watoto na wazee una watu 8, lakini nakuhakikishia wazee wawili watataka na watoto wakubwa wawili pia, weka 12. Kiwanja kimoja kinachukua wanne. Kwa mtindo wa kawaida mnacheza mpaka 11, mshindi azidi kwa 2, na anayepata pointi ni aliyeanzisha mpira tu, hapo geimu ya watu wanaojifunza inakwenda robo saa na zaidi, wengine nusu saa nimeshaona. Watu wanane wamekaa, ukitoka unasubiri geimu mbili ndo urudi. Sasa badilisha: mpaka 7, kila mpira una pointi haijalishi nani kaanzisha, na ikifika 6-6 anayepata inayofuata kashinda. Dakika 6 au 7 kwisha. Mtu anasubiri robo saa, muda wa sambusa mbili na umbea.

Na foleni fanya hivi. Chukua vibanio vya nguo, kila mtu jina lake kwenye kibanio kwa kalamu nene, vyote vibane kwenye kamba moja hapo kwenye uzio. Wanne wa mwanzo wanaingia, wakitoka WOTE wanne, washindi kwa walioshindwa, wanabana vibanio vyao mwisho wa kamba. Hakuna mshindi anabaki. Mkiruhusu mshindi abaki basi mume wako na rafiki yake mtawatoa kwa polisi. Mimi kwangu kamba anaisimamia binti yangu wa miaka 10 na hakuna mtu mzima anayethubutu kubishana naye, anakwambia baba kibanio chako kiko wapi? kaa.

Vibao: 4 vya kuchezea na 2 vya akiba. Mimi seti ya vinne na mipira yake nilinunua kama dola 50, vya mbao vile vya bei rahisi epuka ni vizito mkono unauma.

Njoro_Dallas

Wadau mimi nitaongea kuhusu miguu. Hawa vijana wa makamo ndio huumia, si wazee. Mzee anajijua. Ni huyu wa miaka 42 mwenye alikuwa winga high school ndio ataona mpira umepita juu ya kichwa aanze kurudi kinyumenyume akiangalia juu, then anaanguka chali kwa saruji. Uncle yangu alianguka hivyo Memorial Day, ile sikukuu ya mwisho wa mwezi wa 5, mkono ukavunjika kwa kiwiko, tulibaki na nyama kilo nane na hakuna wa kula. Waambie mapema kabisa: mpira ukipita juu, ama ugeuke ukimbie ukiangalia mbele ama uwache uende. Ni pointi moja tu jamani.

Na viatu. Hizi raba za kukimbia zimeinuliwa soli nyuma, ukikata kona enka (kifundo cha mguu) inageuka. Bora za tenisi ama basketi, soli flati. Crocs na ndala hapana, hata ka ni birthday yake.

MamaZuu_Kent

Jamani asanteni sana, Da Rehema vibanio nimeshavitoa kwenye kapu. Mume wangu kasoma akasema "sasa hii ya mshindi kutoka ina raha gani" nikamwambia ina raha ya kula kwako usiku.

Majirani je? Upande wa kushoto kuna bibi mmoja wa kizungu anaishi peke yake na mbwa wake, sitaki ugomvi.

BabaWawili_Tacoma

Hilo ni la kweli, kelele za pikoboli huku zimepeleka majirani mahakamani sehemu nyingi tu. Si muziki, ni ule mlio, ko! ko! ko! kama fundi anagongelea msumari siku nzima. Nenda kamuone siku tatu kabla, mwambie saa ngapi mnaanza na saa ngapi mnamaliza, mpelekee sahani. Kuna na mipira ya sponji laini, inadunda polepole na haina mlio, watoto na wazee wanaipenda kuliko hata ile ya plastiki. Mlango wa gareji fungua wakati mnacheza, tundika shuka kuukuu pale ndani, vinginevyo kila mpira ukigonga lile bati ni ngoma.

Mzee_wa_Feri

Mmesahau kumwambia huyu binti kwamba anakaa jirani na ulikozaliwa mchezo wenyewe. Ni hapo Bainbridge Island, unapanda feri Seattle nusu saa na kidogo umefika. Mwaka 1965 Joel Pritchard na mwenzake Bill Bell wametoka gofu wamekuta watoto wamenuna hawana la kufanya. Uani kulikuwa na kiwanja cha zamani cha badminton, vifaa havipatikani, wakaokota vibao vya tenisi ya mezani na mpira wa plastiki wenye matundu. Wakaanza na neti juu kama ya badminton, wakaona mpira unadunda vizuri kwenye lami, wakaishusha mpaka inchi 36. Barney McCallum jirani yao ndo akaja kukata vibao vya plaiwudi kwa msumeno. Ndo maana kiwanja mpaka leo ni futi 20 kwa 44, ni kile kile cha badminton ya wawili wawili. Pritchard baadaye alikuwa mbunge Kongresi na naibu gavana wa jimbo letu, na 2022 jimbo likaufanya kuwa mchezo wake rasmi.

Kwahiyo usihangaike kwamba kiwanja chako si kamili. Umeanza uani na vifaa vya kuokoteza, unarudi uani.

Jina usiulize, wengine watakwambia ni mbwa wao Pickles, familia ya Pritchard inasema mke wake Joan alilitoa kwenye mashindano ya mitumbwi, ule mtumbwi wa makasia uitwao pickle boat, unaojazwa wapiga makasia waliobaki waliobaki. Mbwa alikuja baadaye.

shemeji_lefu

Kwahiyo si achari wala mbwa, ni timu ya mabaki. Inatufaa kabisa familia yetu.

Binti_Upanga

Nawasoma nikiwa Dar. Kaka Mzee wa Feri hapo kwenye badminton umenifungulia, maana kwa mjomba wangu kuna kiwanja cha badminton cha sakafu ya simenti nyuma ya nyumba kimekaa tu wanaanikia nguo. Mistari ya nje ipo tayari! Tunashusha neti tu. Tulishajaribu kwenye pevingi za uani kwetu ikashindikana, mpira ukitua kwenye ungio la matofali unaruka kushoto wakati we umesimama kulia.

kituo_cha_basi

Sijaelewa mnavyojitesa. Paki zimejaa viwanja vya bure, nendeni asubuhi mkawahi, mchezeni kiwanja kamili, jioni mrudi nyumbani kula. Mistari ya chaki na gari la ubavu ya nini?

Da_Rehema

@kituo_cha_basi paki Jumamosi ya Julai ukiwa na watu 18? Utapata kiwanja kimoja, na wageni wamepanga vibao vyao kwenye uzio wanasubiri wanakutolea macho. Na mama mkwe atakaa wapi, atajisaidia wapi? Hii ni pati yenye pikoboli ndani yake, siyo pikoboli yenye pati. Nyasi za nyuma weka badminton ya watoto, kile kimanyoya hakihitaji kudunda.

MamaZuu_Kent

Basi nimeamua. Mbele ya gareji 16 kwa 30, chaki, jiko lipo, geimu mpaka 7, kamba ya vibanio anashika Zuu. Nyuma badminton na mkeka wa wazee kwenye kivuli. Tunaanza saa tisa, chakula saa kumi na mbili, vibao vinafungwa kabatini saa mbili na nusu hata kama jua bado liko juu, maana mwezi wa 7 huku linazama saa tatu usiku na hawa hawajui kuacha. Bibi jirani nimemwendea leo na sambusa sita. Kauliza kama na yeye anaweza kupewa kibanio 😅 kwahiyo ni 19.

Kilichobaki neti. Madukani nimekuta bei imenishinda kwa kitu cha siku moja.

shemeji_lefu

Niko Federal Way, neti ninayo, iko kwenye buti la gari tangu Mei. Pita Ijumaa baada ya saa kumi na moja uichukue. Mguu mmoja una bolti iliyolegea, funga na kamba. Mishkaki yangu iwekwe pembeni, ya figo.

MamaZuu_Kent

Figo umepata. Ila puani pa neti husimami.