Rejesho la mwezi linalingana na kodi tunayolipa, je tununue au tusubiri?

MamaWawili
Habari zenu wadau, naombeni mawazo maana huku ndani tumebishana mpaka tumechoka. Mimi na mume wangu na watoto wawili tumepanga muda mrefu sasa na kila mkataba ukiisha mwenye nyumba anapandisha, mara hii katwambia kabisa kama hatuwezi kuna mtu anasubiri. Sasa tumepata nafasi kwenye mradi wa nyumba za bei nafuu, zile za wanaonunua mara ya kwanza, kianzio asilimia 10 inayobaki ni mkopo wa miaka 20, na rejesho la mwezi linakaribiana kabisa na kodi ya sasa hivi. Baba watoto anasema hakuna cha kufikiria hapo, hela ni ile ile ila badala ya kumjengea mtu tunajijengea wenyewe. Mimi nasita. Kianzio tunacho ila tukikitoa akaunti inabaki nyeupe, hata ya kukodi gari la kuhamia hakuna. Hivi kweli rejesho likilingana na kodi ndo tayari tunaweza? Na tuulize nini kabla ya kusaini?

KibubuKikuu
Dada unasita kwa sababu hesabu mliyopiga haijaisha. Ukiwa mpangaji bomba likipasuka unampigia mwenye nyumba, ukishamiliki mwenye nyumba ni wewe. Juu ya rejesho weka bima, kodi ya jengo, mchango wa ulinzi na usafi kama ni maghorofa, na matengenezo. Kwenye matengenezo watu wengi hukadiria asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa mwaka, nyumba mpya itakula chini ya hapo mwanzoni halafu inakuja kudai ya nyuma.

Halafu uliza riba inapigwaje, hili usilipite. Chukua mkopo wa milioni 10 kwa riba ya asilimia 8 miaka 20. Kama riba inapigwa kwenye deni linalobaki, rejesho ni kama 83,600 kwa mwezi na mpaka mwisho mtakuwa mmelipa milioni 20 na kidogo. Kama inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo miaka yote ishirini, rejesho linapanda hadi 108,300 na jumla inafika milioni 26. Kwenye karatasi zote mbili imeandikwa asilimia 8! Kwa hiyo msiulize riba ni ngapi tu, ombeni jedwali la marejesho mwezi kwa mwezi mkalisome nyumbani mmetulia.

Bado_Napanga
Mimi nitapingana kidogo na hii habari ya kumjengea mtu. Kodi ya pango inanunua kitu, inanunua uhuru wa kuondoka. Kwenye mfano huo wa Kibubu, rejesho la mwezi wa kwanza karibu 66,700 ni riba tupu, kinachopunguza deni ni kama 17,000 tu. Ukikaa miaka 5 ukaamua kuhama umeshatoa milioni 5 na bado unadaiwa kama milioni 8.75, na ukiuza kuna gharama zake nazo. Sasa kama kazi ya mmoja wenu inaweza kuwahamisha karibuni, bora mwenye nyumba msumbufu kuliko deni la miaka 20 sehemu msiyokaa. Na kutoa akiba yote ndo kianzio hapo mimi nakataa kabisa, mtoto akiumwa wiki ya pili mtakimbilia wapi, kwenye mikopo ya simu?

KibubuKikuu
@Bado_Napanga ni kweli ila na shemeji tusimwonee, ana hoja. Kama riba ni ile ile mpaka mwisho, rejesho la mwaka wa 15 ni sawa na la mwaka wa kwanza, wakati kodi ya pango nani atakuhakikishia? Kwa familia yenye watoto shuleni kujua huondolewi mwezi ujao ni kitu kikubwa. Na deni unaweza kulikimbiza, kwenye mfano ule ule ukiongeza 10,000 tu kila mwezi badala ya miezi 240 unamaliza kama 187, zaidi ya miaka minne unaikata. Ila hakikisha mkataba unaruhusu kulipa mapema bila faini na kwamba nyongeza inapunguza deni lenyewe, isije ikawekwa kama rejesho la mwezi ujao.

Fundi Mstaafu
Wenzangu mmeshika kalkuleta mimi naongelea jengo. Binti yangu nendeni mkaione nyumba yenyewe mtakayopewa, msiridhike na ile ya maonyesho maana ile imepigwa rangi kwa ajili yenu. Nendeni siku mvua imenyesha au kesho yake. Angalieni kona za dari, ukuta wa chini karibu na sakafu kama rangi inavimba au kuna unyevu, fungueni bomba zote kwa pamoja muone presha, milango na madirisha yafunguke bila kulazimisha. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si wa kukukosesha usingizi, ufa unaopanda kwa ngazi kufuata matofali au unaoanzia kona ya dirisha na unapanuka huo mwite mtu wa fani auangalie. Mlipeni fundi au mhandisi wenu, asiwe wa muuzaji. Na kama kuna watu wameshahamia ongeeni nao, watawaambia maji yanakatika lini na ule mchango wa mwezi umeshapanda mara ngapi, mambo ambayo ofisi ya mauzo haitawaambia hata siku moja.

sijaoa_bado
Nimesoma uzi wote naona bora niendelee kulala kwa kaka yangu 😂

MamaWawili
@sijaoa_bado 😂😂 kaka yako anajua?

Asanteni sana jamani, nimemsomesha baba watoto na yeye. Tumeuliza leo, wamesema riba inapigwa kwenye deni linalobaki lakini haibadiliki miaka 5 ya mwanzo tu, baada ya hapo inafuata soko. Na kuna sharti hatuwezi kuuza wala kupangisha bila kibali. Kingine hati wanataka jina moja, la mwenye mshahara, ambaye ni yeye.

WakiliWaMtaani
Hapo kwenye jina msipite haraka dada. Kama hela ya kianzio mmeichanga wote, ulizeni kama inawezekana majina yote mawili kwenye hati hata kama mkopaji ni mmoja, sehemu nyingi inawezekana mkiomba mapema, kuja kubadilisha baadaye ni gharama na ni ugomvi. Bima ya mkopo nayo, ile inayolipa deni mkopaji akifariki, ulizeni inamhusu nani. Kama inamhusu yeye tu na wewe ndo unalipa nusu ya rejesho kwa biashara zako, wewe ukiondoka deni linabaki pale pale.

Masharti ya kuuza ni ya kawaida kwenye nyumba za namna hii, bei ilishushwa ili akae mwenye uhitaji sio dalali. Ila yasomeni, mingine inakuzuia kwa miaka kadhaa tu, mingine inaweka ukomo wa bei utakayouzia milele, na kuna ile ambayo ardhi inabaki ya shirika au jumuiya wewe unamiliki jengo kwa mkataba mrefu, mara nyingi miaka 99. Sio mbaya kama lengo ni kukaa. Ni mbaya kama shemeji anapiga hesabu za kuja kuuza kwa faida.

KibubuKikuu
Na hiyo ya miaka 5, mfano ule ule tena. Deni limebaki milioni 8.75, soko limepanda riba ikawa asilimia 11, rejesho linatoka 83,600 linaenda kama 99,500. Jipimeni kwa hilo la pili. Kuanzia mwezi huu lipeni kodi yenu kama kawaida halafu tofauti yote pamoja na bima na matengenezo iwekeni pembeni kana kwamba mmeshahamia, msiiguse. Mkifika miezi sita bila kukopa mna jibu na mna hela ya kuhamia juu yake. Muulizeni muuzaji kama nafasi inaweza kusubiri hivyo.

MamaWawili
Wanasubiri miezi mitatu. Tumeanza na mshahara huu.