Sifuri halisi ikifikiwa (hewa chafu tunayotoa ikilingana na tunayoondoa angani), joto la dunia litashuka au litaganda palepale?

Mzani: Wadau, tuache kusema kuna joto "lililokwisha kupikwa" ambalo litakuja tu hata mitambo yote ikizimwa leo. Hesabu hiyo inachukulia kuwa kiwango cha hewa ukaa angani kimegandishwa. Utoaji wa hewa ukaa ukikoma, kiwango hakigandi: bahari na misitu huendelea kunyonya, kinashuka. Upande wa pili, vilindi vya bahari vinazidi kupata joto, kwa hiyo vinapoza uso kidogo kuliko zamani. Mivuto hii miwili inakaribia kutoshana nguvu. Modeli za tabianchi zilizolinganishwa mwaka 2020 zilionyesha, miaka 50 baada ya utoaji kukoma, kuanzia kushuka nyuzi 0.36 hadi kupanda 0.29. Wastani: kushuka 0.07.

Kasa: Mkuu, anayejenga ukuta wa bahari hajengi kwa wastani. Ukilenga joto lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 juu ya lile la kabla ya viwanda, hiyo 0.29 si makombo. Tena modeli nyingi kati ya hizo hazikuhesabu kaboni ya udongo ulioganda wa Aktiki.

Mzani: Hilo la udongo nakubali. Linasukuma juu tu, halishushi.

Jahazi: Mnabishana bila kusema sifuri ipi. Ya hewa ukaa peke yake, au ya gesijoto zote? Zima mitambo ya makaa ya mawe: salfa yake, ambayo ilikuwa inatukinga jua kama mwavuli, inaoshwa na mvua ndani ya wiki chache. Methani, gesijoto nyingine, inadumu miaka kama 12. Hewa ukaa, sehemu yake inakaa maelfu ya miaka. Maana yake mwavuli unafungwa kwanza, na jua linatuchoma mapema. Methani ya mabomba yanayovuja na majalala isipobanwa wakati uleule, miongo ya mwanzo itakuwa na joto zaidi.

Kasa: Na wanaosema tutapitiliza 1.5 kisha tushushe, wapige hesabu. Tani bilioni 1,000 za hewa ukaa huleta takriban nyuzi 0.45. Kushusha 0.1 tu ni kuondoa tani bilioni 220 hivi, zaidi ya utoaji wa miaka mitano ya sasa. Kwa miti? Msitu ukiungua, kaboni iliyoteketea imerudi hewani.

Mzani: Sijasema tupitilize. Nasema kila tani isiyotoka inahesabika, hakuna cha "tumeshachelewa".

Jahazi: Kwa joto, sawa. Kwa bahari, hapana. Hata tukiishia 1.5, IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la sayansi ya tabianchi, inakadiria maji kupanda mita 2 hadi 3 ndani ya miaka 2,000. Gati la Mombasa au la Malindi, Unguja, halipangiwi kwa kipimajoto.