Wakulima wa Hindi tunataka kuandamana hadi Mokowe: tufanyeje ili tubaki salama na ndani ya sheria?

Mkulima wa Hindi

Wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Sisi ni wakulima wa eneo la Hindi, Kaunti ya Lamu nchini Kenya, tunaolima mahindi, simsim na korosho. Sehemu ya mashamba yetu ilipimwa kwa ajili ya mradi wa umma, na tangu hapo fidia tuliyoahidiwa haijafika wala barua zetu hazijajibiwa. Katika kikao chetu tumekubaliana kuandamana kwa amani hadi Mokowe, yaliko makao makuu ya kaunti, tukakabidhi malalamiko yetu kwa maandishi. Vijana wanasema Katiba inaturuhusu, basi tutoke tu. Wazee wanasema bila kibali cha polisi tutakamatwa. Tena wako wanaotaka kila mtu abebe jembe na panga, ili ionekane waziwazi kwamba sisi ni watu wa shamba. Naomba ushauri wa wenye ujuzi, kwa sababu sitaki mtu aliyekwisha kupoteza shamba apoteze na uhuru wake.

Karani wa Malindi

Ndugu yangu, nimefanya kazi na mawakili hapa Malindi kwa muda mrefu, na swali la kibali huulizwa kila mara. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Hata hivyo, Sheria ya Utulivu wa Umma inamtaka mwandalizi ampelekee mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Taarifa hiyo itaje jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na njia mtakayopita, nayo shughuli iwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Hiyo ni taarifa, si ombi, kwa hivyo msiiandike kwa maneno ya kuomba ruhusa. Pelekeni nakala mbili, na ile mtakayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Polisi wakiwajibu kwamba kuna kundi jingine lililotangulia kutoa taarifa kwa saa na mahali hapohapo, kubalianeni siku nyingine, msilazimishe.

Kuhusu mapanga, nasema bila kuficha: yaacheni nyumbani. Kwenu panga ni chombo cha kazi, lakini mikononi mwa mtu aliye katika maandamano litahesabiwa kuwa silaha, na mtakuwa mmejiondolea wenyewe ulinzi wa maneno yale "bila silaha".

Mama Korosho, Mpeketoni

Karani, panga nakubali, lakini jembe ndilo linalotutambulisha. Tukienda mikono mitupu, nani atajua kwamba ni wakulima?

Karani wa Malindi

Mama, naielewa hoja yako na ninaiheshimu. Lakini palipo na msukumano, jembe la kijana mmoja litampasua mwenzake kichwa kabla hata polisi hawajafika. Bebeni mazao: mahindi, matawi ya mkorosho, mabango yaliyoandikwa majina ya vijiji vyenu. Ujumbe utafika vilevile.

Mzee wa Amu

Wanangu, naongeza mambo machache. Barabara ya kwenda Mokowe ndiyo inayopitisha wagonjwa wanaowahi gatini ili wavuke kwenda hospitali ya King Fahd huku Amu, kisiwani Lamu. Tembeeni upande mmoja, msichome matairi, wala msipange mawe barabarani. Chagueni watu wenye busara, wavae vitambaa vya rangi moja, wawe mbele, kati na nyuma, na wawe na idhini ya kumtoa yeyote anayeanza kurusha mawe au kutukana. Wazee na kina mama wanyonyeshao wasitembezwe njia nzima juani. Wapelekwe kwa gari na wangoje Mokowe. Kila mtu abebe maji. Ikitokea gesi ya kutoa machozi, angalieni upepo wa kusi unakoelekea na mwende kinyume chake, msifikiche macho, yaosheni kwa maji safi.

Tena msitegemee miguu peke yake. Wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani kuhusu athari za ujenzi wa bandari, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.76. Leseni ya mradi wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, jirani zenu, ilifutwa na Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira (NET) Juni 2019. Watu waliandamana, naam, lakini walikuwa na karatasi zao.

Mkulima wa Hindi

Nawashukuru sana. Na mtu akikamatwa licha ya yote haya?

Karani wa Malindi

Asikimbie, asipigane, ataje jina lake. Kifungu cha 49 kinampa haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoifahamu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Muda huo ukiisha siku isiyo ya mahakama, atafikishwa siku ya mahakama inayofuata. Wenzake waandike jina lake na kituo alikopelekwa, wampigie wakili mliyezungumza naye mapema. Aliyeumizwa atibiwe kwanza, aandikishe ripoti polisi apate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, ajaziwe fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, kisha malalamiko dhidi ya askari yapelekwe kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi.

Mkulima wa Hindi

Jioni hii nitawasomea wenzangu majibu yote. Mapanga na majembe yatabaki nyumbani, hilo nitalisimamia mwenyewe. Limebaki la nani atie sahihi ile taarifa, kwa sababu kila mmoja anamsukumia mwenzake.

Karani wa Malindi

Msimpe mtu atakayewaacha njiani. Sheria inamtaka mwandalizi, au mtu aliyemteua, awepo mwanzo hadi mwisho na awasaidie polisi kudumisha utulivu.

Mkulima wa Hindi

Basi nitatia mimi.