Aliyebatizwa mchanga abatizwe tena ukubwani? (Mjadala, Tanga)

Mume wa Chumbageni
Wakubwa shikamooni. Mke wangu alibatizwa mchanga KKKT, kwa Walutheri, kipaimara cha kuthibitisha imani akapata. Mwaka huu kahamia kwa walokole kule Makorora, na mchungaji wake anasema ule wa utotoni ulikuwa kuloweshwa nywele tu. Jumamosi wanabatizwa kwa kuzamishwa baharini Sahare. Mama mkwe hasemi na mtu. Naomba Maandiko, matusi sitaki. Ni sawa kubatizwa tena?

Mlokole wa Mikanjuni
Hakuna "tena" hapo mkuu, hajabatizwa bado. Marko 16:16, kuamini kunatangulia. Kichanga kinaamini nini zaidi ya ziwa la mama yake? Towashi wa Matendo 8 alishuka majini yeye na Filipo, hakuletewa bakuli. Mwache mkeo amtii Bwana. Wazee wetu walibatizwa wapate shule na kipande cha kaniki, wokovu hawakuujua.

Mbondei Halisi
Bakuli tutalirudia. Hilo la kaniki umemlenga nani?

Mzee wa Barabara ya 9
Ndugu Mume, pole. Waefeso 4:5, Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja. Lidia alibatizwa na nyumba yake. Askari wa gereza kule Filipi, yeye na watu wake wote, usiku ule ule. Nyumba ya Stefana vilevile. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani yetu Walutheri, kifungu cha 9, linasema watoto wabatizwe. Mungu ndiye anayebatiza, mchungaji ni mkono tu. Ukirudia ni kama kusema mara ya kwanza Mungu hakumaanisha.

Mlokole wa Mikanjuni
Mzee wangu, kwa Lidia kulikuwa na mtoto? Nipe mstari.

Mzee wa Barabara ya 9
Nipe weye mstari kwamba hakuwapo.

Mbondei Halisi
Nauliza mara ya pili. Babu wa babu yangu alibatizwa Magila kwa wamisionari Waanglikana wa UMCA. Alikaa kwenye mafundisho muda mrefu kabla ya kuguswa na maji, na ndugu zake walimtoa kwenye mambo ya ukoo. Kaniki gani hiyo ya kumfanya mtu akose urithi? Na alikuwa mtu mzima! Kwa kipimo chako wewe mwenyewe ubatizo wake ni halali. Kabla ya kuandika uwe unafikiri.

Mlokole wa Mikanjuni
Sikumtaja babu yako.

Mbondei Halisi
Umesema "wazee wetu". Sisi wa Muheza tuna wazee gani wengine?

Mvuvi Sahare
Salaam. Mimi Muislamu, dini yenu siingilii, napita tu. Ila hiyo Jumamosi saa ngapi? Bamvua likitoka hapo mtatembea kwenye matope na mwani mpaka mchoke, maji bado yako magotini, na huyo mchungaji itabidi awalaze chini ndipo mzame. Ulizeni maji yanajaa saa ngapi.

Dada wa Raskazone
Mvuvi ndiye pekee aliyejibu kitu 😂

Msoma Usiku
Maji yenyewe yana hadithi. Kuna andiko la Wakristo wa mwanzo kabisa, Didake. Linataka maji yanayotiririka. Ukiyakosa, mengine. Ukikosa ya baridi, ya moto. Ukikosa yote, mimina kichwani mara tatu. Kwa hiyo bakuli halikuja na Wajerumani.

Mlokole wa Mikanjuni
Didake si Biblia. Na kwa kuwa umelifungua, sehemu ile ile inamwambia anayebatizwa afunge siku moja au mbili kabla. Kichanga kinafunga?

Msoma Usiku
Hapo umenipiga, nakiri. Lakini Waorthodoksi wanawazamisha vichanga mara tatu, kichwa na kila kitu. Kwa hiyo bakuli ni kisingizio chako, ugomvi wako ni mtoto.

Mlokole wa Mikanjuni
Ndiyo, ni mtoto! Na tumeteswa kwa ajili hiyo. Zurich, Uswisi, 1525, watu walibatizana wakiwa watu wazima. Miaka miwili baadaye Felix Manz akatoswa mtoni akafa, na waliomtosa ni Waprotestanti. Mzee hilo hulitaji.

Mzee wa Barabara ya 9
Hao ni wa Zwingli, mwanamageuzi wa Zurich, sisi Walutheri hatumo.

Msoma Usiku
Mzee, Augsburg hiyo hiyo inawalaani Waanabaptisti, hao hao waliobatizana wakubwa, kwa jina. Usinawe mikono haraka.

Mlokole wa Mikanjuni
Na Matendo 19 je? Paulo aliwakuta wanafunzi Efeso, kama 12 hivi, wamekwisha kubatizwa, akawabatiza.

Mzee wa Barabara ya 9
Walikuwa na ubatizo wa Yohana, hata habari za Roho Mtakatifu hawajazisikia. Binti huyu kabatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Unalinganishaje?

Mtu wa Kaole
Mnagombania Magila, njooni Bagamoyo. Mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika 1868, wakawakomboa watoto waliokuwa wanauzwa, wakawaweka misheni, wakawabatiza. Aliyekukomboa ndiye anakulisha na ndiye anakubatiza, utakataa? Kwa hoja hilo ni gumu, silifichi. Lakini bibi yetu wa ukoo wa watoto hao alikufa ameshika rozari, na jina la ubatizo ndilo alilokuwa anaitikia. Mlokole, ungemwambia nini pale kitandani?

Mlokole wa Mikanjuni
Ningemwombea.

Mtu wa Kaole
Sikuuliza hilo.

Dada wa Raskazone
Kwetu Wakatoliki Mlutheri akihamia habatizwi upya. Padre akiwa na shaka anabatiza kwa sharti, "kama hujabatizwa". Shaka haipo, maji hayapo. Ila jamani tuseme ukweli, shida ya familia ni siku akifa. Atazikwa na nani?

Mume wa Chumbageni
Asante dada, ndipo tulipo. Mama mkwe Maandiko hayajui sana. Anasema alimbeba mwenyewe toka nyumbani mpaka kanisani Mlalo, kilima chote kile, kamfunga kwenye kitenge kipya, leo anaambiwa alikwenda kumlowesha nywele. Mke wangu naye anasema hamkatai mama yake, anataka tu kusema "naamini" kwa mdomo wake.

Mzee wa Barabara ya 9
Kipaimara alisemea mdomo wa nani?

Mlokole wa Mikanjuni
Kipaimara mnakariri, mzee. Na kuzika tunazika wenyewe, kwaya tunayo, mchungaji tunaye.

Mbondei Halisi
Na kiwanja cha kuzikia je? Au mtakuja kuomba kwa watu wa kaniki?