Yule jamaa wa yadi kaipiga teke gari yangu na mwanangu yumo ndani!!!

MamaWatatu

Wakuu natetemeka, naandika nikiwa bado nimekaa kwenye usukani nje ya yadi ya kuuzia magari, hata injini sijawasha. Jina simtaji maana mnamjua wote, yule mwenye mafunguo kiunoni yanalia kama mbuzi wa kengele, suruali imembana mpaka anatembea kama ana jipu. Leo kaipiga teke gari yangu. TEKE. Na mwanangu wa pili yumo ndani na yunifomu ya shule.

Nina Raum, plate namba B, tuliichukua 2011 nikiwa na mimba ya kwanza. Wanangu wote watatu wametoka hospitali na hiyo gari. Injini 5E, haijafunguliwa hata siku moja, oili nabadilisha kabla ya siku yake. Shida yake ni moja tu, nafasi. Kila Desemba tunapanda Moshi kuhesabiwa na ukoo, mimi na baba watoto, watoto watatu na huyu mkubwa keshanipita urefu, na mama mkwe. Siti tano watu sita. Mwaka jana mdogo kapakatwa kutoka Chalinze mpaka Mwanga, tumefika bibi yake miguu haihisi tena tukamshusha kwa kumshika huku na huku kama mgonjwa, na kurudi ndio kuna mikungu ya ndizi, buti halifungi nimelifunga na kamba ya katani. Nikasema mwaka huu basi, tutafute Noah, watu wakae kama watu.

Nimefika pale nimetoka kumchukua mtoto shule. Salamu hakuna, swali la kwanza "mzee yuko wapi?" Nikamwambia mzee yuko kazini, hela ninayo mimi, nyingine ya kikoba nyingine nimekopa, nataka nitoe hii niongeze hela nichukue ile Noah ya silva. Hakufungua boneti. Hakuwasha. Kadi ya gari hakuomba. Kazunguka mara moja, kafika tairi ya mbele kushoto, akarudisha mguu nyuma kama anapiga penalti ya fainali, PAA! "Mama, hii wapelekee wa vyuma chakavu wakupimie kwa kilo."

Kifuniko cha rimu kikachomoka kikabingirika kwenye pevingi, krrrrr, kikaingia chini ya Alphard nyeupe. Yadi nzima kimya. Vijana wa kuosha magari wamesimama na matambara mkononi. Mwanangu akafungua mlango, ule wa kuvuta unaokwama mwisho mpaka uusukume na goti, akashuka, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya ile Alphard akakitoa, akaanza kukipangusa na sketi yake ya shule. Hakusema neno. Anapangusa tu, anageuza, anapangusa. Na yule jamaa ANACHEKA.

Halafu ndio anataja bei, milioni moja na nusu, tena "nakuonea huruma madam". Jirani yangu ananisubiri na milioni nne tangu Pasaka! Lakini mimi hela sio inayoniuma. Kama gari mbovu sema mbovu, kata bei, ndio biashara hiyo, tutavutana tutaelewana. Teke la nini? Kaikosea nini? Angenipiga mimi ningejua ni ugomvi wetu, lakini mtoto amepiga magoti chini anapangusa kifuniko na sketi ya shule na wewe mtu mzima unacheka??

Kifuniko kimepasuka pembeni. Ninacho hapa mapajani.

Tairi_la_Nyuma

Raum namba B ulitaka aipigie saluti?

MamaWatatu

Nilitaka asiipige teke. Basi.

babaK

Nimeishia kwenye jipu. Hahahaha anatembea vilevile aisee, nimemuona kabisa

Mnyalu_Original

Huyo huyo!! 2022 kaniuzia Wish, dashibodi inasoma kilomita elfu 62. Nafika nyumbani nafungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo kuna stika ya Wajapani ya kubadilishia oili, maandishi yao siyajui ila namba nazijua, laki na 38 elfu. Nikarudi nikamuonyesha. Akaniambia hiyo ni namba ya simu ya gereji.

babaK

NAMBA YA SIMU 😂😂 ulipiga?

Mnyalu_Original

Usinikumbushe

FundiHuru

Dada pole kwa yaliyokukuta. Ila hiyo Noah ya silva umbo lake ni lipi? Kama ni lile lililoanza 2001 mpaka 2007 lenye injini ya D4, mshukuru Mungu kwa hilo teke. D4 petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na njia ya hewa inajaa masizi, pampu ya presha ikianza mambo yake utalala Segera na mama mkwe wako. Tafuta iliyotoka 2007 kuja juu yenye injini ya 3ZR.

Kisu_Butu

Mafundi kila mkishindwa kitu mnasema D4. Yangu mwaka wa 6 huu haijawahi hata kukohoa. Semeni hamjui kuitengeneza

FundiHuru

Lete hapa siku ikikohoa, usianze kunitafuta inboksi usiku

MamaWatatu

Mimi sijauliza mambo ya D4, mtu kapiga teke gari mtoto yumo ndani.

Kamau wa Ruiru

Poleni majirani. Huku kwetu gari ikipita miaka nane haiingii Mombasa kabisa, mimi nataka kutoka kwa Fielder niingie Noah na bei wananitajia ni kama nanunua ploti. Nyinyi mnaletewa hadi za 2005 na bado mnalia?

Tairi_la_Nyuma

Sisi tunalipa ushuru wa uchakavu ndugu, usifikiri zinashuka bandarini bure. Gari inazeeka tunaadhibiwa sisi

Shangazi_Kaja

Mdogo wangu hebu kaa utulie usikilize mtu aliyetangulia. Mimi nilitoka kwenye IST nikaingia Noah, nikajiona nimefika. Sijafika popote. Siku ya pili tu ukoo ukapata habari. Msiba Kibaha, "shemeji si ana Noah". Kipaimara, "shemeji si ana Noah". Sendofu ya mtoto wa jirani wa binamu yake mume wangu, nikapakia sufuria tatu nyeusi tii, siti ya kati mpaka leo ina duara la masizi halitoki kwa sabuni wala petroli. Mafuta hakuna anayechangia, wanakuambia Mungu atakulipa. Kwenye foleni ya Mbezi linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. IST yangu hakuna aliyewahi kuiomba, watu wakiiona walikuwa wanapanda bodaboda wenyewe.

Mnyalu_Original

Shangazi umeongea. Mimi na Wish tu nimewekwa kamati ya usafiri ya misiba mitatu na hakuna aliyeniuliza

Kisu_Butu

Mimi nimebeba keki ya harusi Dar mpaka Morogoro, ghorofa nne, eti nisizidishe 40. Malori yananipigia honi njia nzima. Tumefika keki imelala ikaonekana kosa langu

babaK

Wewe keki, mimi beberu. Hai. Lilikojoa pale Korogwe, mpaka leo nikifungua AC mke wangu anashuka

Kamau wa Ruiru

Beberu kwa AC nimeshindwa 😂😂😂

MamaWatatu

Jamani mada ilikuwa teke. Nimefika nyumbani, mtoto kakichukua kile kifuniko kaingia nacho ndani, kakifunga na seloteipu pale kilipopasuka, anataka nikamrudishie kwenye tairi sasa hivi na giza limeshaingia. Na lile jamaa lilicheka!

Shangazi_Kaja

Mrudishie mwanangu, washa tochi ya simu.

FundiHuru

Vifuniko hivyo pale Gerezani kwenye maduka ya spea vipo vya kumwaga, nenda asubuhi kabla jua halijawa kali

Tairi_la_Nyuma

Beberu lilikuwa la nani?

babaK

La shemeji. Na hakuchangia mafuta

Mchaga_wa_Same

Samahani nimechelewa kuingia. Dada hiyo Noah ukiipata kabla ya Desemba mtabakiwa na siti mbili? Sisi tunashukia Same tu, mizigo hatuna, mabegi mawili na jenereta dogo.